Saa ya kompyuta inayoruka masaa matatu kati ya Windows na Linux: tiba hatua kwa hatua

Kompyuta yenye Windows na Linux kwenye diski moja ina ugonjwa wake maarufu. Ukitoka Linux ukaingia Windows, saa iko nyuma masaa matatu. Unairekebisha, unaendelea na kazi zako, jioni unarudi Linux: huko nako saa imekimbia mbele masaa matatu. Wengi wakiona hivyo hukimbilia kununua betri ya CMOS, ile ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mama, na fundi asiyetaka kuumiza kichwa huwauzia. Betri mpya inawekwa, saa inaruka vilevile.

Betri haina kosa hapo. Ni mifumo endeshi miwili inayoandika kwenye saa moja, kila mmoja kwa kanuni yake. Maelekezo yaliyo hapa chini ni ya Windows 10 na 11, na ya Linux zinazotumia systemd, programu inayowasha mfumo na kusimamia huduma zake: Ubuntu, Mint, Debian, Fedora na jamaa zao. Amri zote unaweza kuzinakili kama zilivyo.

Kwanza elewa saa yenyewe

Ndani ya kompyuta kuna saa mbili. Ya kwanza ni saa ya maunzi, ambayo utaiona ikiitwa RTC. Hii inakaa kwenye ubao mama na hutembea hata kompyuta ikiwa imezimwa na waya umechomolewa. Inapigiwa hesabu na fuwele ndogo inayotikisika mara 32,768 kwa sekunde, na inalishwa na betri ya duara ya volti 3, mara nyingi CR2032. Ya pili ni saa ya mfumo. Hii huzaliwa kompyuta inapowaka: mfumo endeshi unasoma RTC mara moja, kisha unaanza kuhesabu wenyewe kwenye kumbukumbu. Saa unayoiona kwenye kona ya skrini ni hii ya pili.

RTC ya kompyuta za leo imerithi muundo ambao IBM waliuweka kwenye PC AT mwaka 1984. Ina nafasi ya sekunde, dakika, saa, siku, mwezi na mwaka. Haina nafasi ya kuandika ukanda wa saa. Ikisema 12:00, haisemi ni 12:00 ya Dar es Salaam au 12:00 ya UTC, ile saa ya rejea ya dunia nzima. Ni kama daftari la madeni la dukani linaloandikwa na watu wawili, mmoja kwa shilingi na mwingine kwa dola, na hakuna anayetaja ni fedha gani.

Windows, kwa urithi wa enzi za MS-DOS, huichukulia namba hiyo kuwa saa ya hapohapo ulipo. Linux huichukulia kuwa UTC, kisha huongeza au kupunguza kulingana na ukanda uliouchagua.

Fuata namba moja uone inavyozungushwa. Ni adhuhuri Nairobi, 12:00. Linux inaandika 09:00 kwenye RTC, kwa sababu UTC iko nyuma yetu masaa matatu. Unazima, unaingia Windows. Windows inasoma 09:00 na kukuonyesha 09:00. Baada ya muda inapata intaneti, inauliza seva ya saa, yaani kompyuta ya mtandaoni inayotoa saa sahihi, inajirekebisha kuwa 12:00 na kuandika 12:00 kwenye RTC. Unarudi Linux. Linux inasoma 12:00, inadhani ni UTC, inaongeza masaa matatu, na sasa unaambiwa ni 15:00 wakati hata chakula cha mchana hujala.

Basi alama ya ugonjwa ni hii: Windows nyuma, Linux mbele, na pengo lililo sawasawa na umbali wa eneo lako kutoka UTC. Tanzania, Kenya na Uganda ni masaa matatu. Kigali, Bujumbura, Goma, Bukavu na Lubumbashi ni mawili. Ndugu zetu wa Muscat wataona manne. Aliyeko London anaweza kukaa majira yote ya baridi bila kuona lolote, kisha siku Waingereza wanaposogeza saa zao mbele, kompyuta inaanza vituko vya saa moja.

Hatua ya 1: Pima pengo kabla hujagusa chochote

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata. Chukua simu yenye saa inayojirekebisha kutoka kwenye mtandao. Ingia Windows, usirekebishe kitu, andika tofauti kwenye karatasi. Ingia Linux, andika tena. Kama unaweza, zima Wi-Fi na uchomoe kebo ya mtandao kabla ya kufanya hivyo, maana intaneti inaweza kuuficha ugonjwa haraka na wewe ukadhani saa ni nzima.

Ukiwa unamsaidia mtu kwa simu, usimuulize "kompyuta inasema saa ngapi?" Atakujibu "saa tatu", nawe hutajua kama skrini inaonyesha 09:00 asubuhi, 21:00 usiku, au ni 03:00 aliyoisoma kama ilivyo. Mwambie akusomee tarakimu moja moja, na kama kuna herufi AM au PM pembeni azitaje. Pengo la masaa sita likitokea ghafla, mara nyingi halimo kwenye mashine, limo kwenye mazungumzo yenu. Pengo la kumi na mawili kamili, kuna mtu aliyechanganya AM na PM alipokuwa akiweka saa kwa mkono.

Sasa soma karatasi yako.

Windows nyuma na Linux mbele, kwa masaa kamili ya eneo lako: endelea na hatua zote, umefika penyewe.

Kinyume chake, Windows mbele na Linux nyuma: kuna mtu aliyewahi kutibu tatizo hili pande zote mbili kwa wakati mmoja. Windows imeambiwa itumie UTC, Linux nayo imeambiwa itumie saa ya hapa, kwa hiyo zimebadilishana viti tu. Dawa ni kuchagua upande mmoja katika hatua ya 4 na kuurudisha mwingine kama ulivyokuwa.

Tarehe imerudi nyuma miaka kadhaa: hiyo sasa ni betri. Shuka mpaka sehemu ya betri.

Dakika chache tu, zinazoongezeka wiki hadi wiki: fuwele ya RTC haina usahihi wa kutosha, na kompyuta haipati seva ya saa. Shuka mpaka mwisho kabisa.

Masaa kumi au kumi na moja nyuma, na hasa kwenye Windows iliyowekwa haraka haraka: ukanda wa saa umeachwa kwenye majira ya Pasifiki ya Marekani. Hapa kuna mtego mbaya kidogo. Mwenye kompyuta huisogeza saa kwa mkono mpaka ifanane na ya ukutani, akaona amemaliza. Kwa macho saa ni sahihi, lakini UTC iliyo chini yake imepotoka kwa masaa yote hayo. Baadhi ya tovuti zinaweza kugoma, namba za uthibitisho za tarakimu sita zinazotengenezwa na kompyuta hiyo zinakataliwa kila mara, na kila ukimwambia "saa yako ina shida" anakuonyesha kona ya skrini. Kwa hiyo usiamini kona ya skrini mpaka upite hatua ya 3.

Hatua ya 2: Chungulia BIOS

Washa kompyuta huku ukibonyeza kitufe cha kuingilia BIOS, yaani programu ya ubao mama inayoanza kabla ya mfumo endeshi wowote. Kwenye kompyuta nyingi ni F2 au Delete, kwenye nyingine F10 au F1. Saa utakayoikuta huko ndiyo RTC yenyewe, bila mfumo wowote kuitafsiri. Isome, ilinganishe na simu, kisha toka bila kuhifadhi chochote.

Ikiwa sawa na simu, aliyeandika mara ya mwisho alikuwa anatumia saa ya hapa. Ikiwa nyuma masaa matatu kamili, aliandika UTC. Yote mawili ni uzima. Nimeona watu wakisogeza saa ya BIOS mbele masaa matatu kila asubuhi wakiamini wanaitibu, kumbe ndio wanaotibua.

Hatua ya 3: Hakikisha ukanda wa saa pande zote mbili

Kwenye Linux fungua teminali:

`timedatectl`

Mashine inayoumwa, ikiwa imetoka Windows na haina intaneti, itakuonyesha kitu cha namna hii wakati simu yako inasema 12:04:

`Local time: Tue 2025-06-10 15:04:31 EAT`
`Universal time: Tue 2025-06-10 12:04:31 UTC`
`RTC time: Tue 2025-06-10 12:04:31`
`Time zone: Africa/Dar_es_Salaam (EAT, +0300)`
`System clock synchronized: no`
`NTP service: active`
`RTC in local TZ: no`

Angalia mstari wa RTC na mstari wa mwisho kwa pamoja. RTC inasema 12:04, ambayo ndiyo saa yetu ya hapa, lakini mstari wa mwisho unasema Linux inaamini RTC haiko kwenye saa ya hapa. Hapo umeushika mkono wa mwizi.

Kama ukanda si wako, uweke:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`

Badala yake unaweza kuandika Africa/Nairobi, Africa/Kampala, Africa/Kigali au Africa/Lubumbashi. Herufi kubwa na ndogo ziheshimu.

Kwenye Windows fungua Command Prompt kama msimamizi, yaani bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya kwenye jina lake na uchague Run as administrator. Andika:

`tzutil /g`

Kwa Tanzania, Kenya na Uganda jibu linatakiwa liwe E. Africa Standard Time. Kama si hilo:

`tzutil /s "E. Africa Standard Time"`

Walioko Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo watumie "South Africa Standard Time". Jina linachekesha ukiwa Bukavu, ila masaa ni yaleyale mawili.

Hatua ya 4: Chagua kanuni moja

Njia ni mbili: kuifundisha Windows isome UTC, au kuifundisha Linux isome saa ya hapa. Mimi nachagua ya kwanza karibu kila mara. RTC yenye UTC haijali umesafiri kwenda wapi wala nchi uliyofikia inasogeza saa zake au haisogezi. Tena Linux yenyewe, ukiilazimisha kwenye saa ya hapa, itakuandikia onyo refu kila ukiita timedatectl, likisema wazi kwamba haitakuwa ikiisahihisha RTC.

Njia ya pili ina pahala pake. Kompyuta ya ofisi ambayo Windows yake inasimamiwa na watu wa IT, huruhusiwi kugusa rejistri, yaani hazina ya mipangilio ya Windows. Au kompyuta ambayo Windows yake hupigwa upya kila baada ya muda, na mpangilio wako unafutwa nayo. Hapo badilisha Linux. Madhara makubwa yanayotajwa kwenye vitabu hutokea zaidi nchi zinazobadili saa mara mbili kwa mwaka, ambapo mifumo yote miwili husogeza RTC na mtu akaamka saa imeruka mara mbili. Afrika Mashariki hatubadili, kwa hiyo njia hii kwetu inavumilika.

Usifanye zote mbili. Nimeshasema kinachotokea.

*Njia ya kwanza: Windows itumie UTC.* Anzia Linux, ukiwa na intaneti, uhakikishe yenyewe iko kwenye UTC na saa yake ni sahihi:

`sudo timedatectl set-local-rtc 0`
`sudo timedatectl set-ntp true`

Subiri mpaka mstari wa System clock synchronized useme yes. Kisha andika saa hiyo sahihi kwenye RTC:

`sudo hwclock --systohc --utc`

Ukijibiwa kwamba amri ya hwclock haipo, usishtuke. Debian na Ubuntu za karibuni zimeihamishia kwenye kifurushi kingine:

`sudo apt install util-linux-extra`

Sasa ingia Windows. Itakuonyesha saa iliyo nyuma masaa matatu, na safari hii tumetaka hivyo. Fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike, yote kwa mstari mmoja:

`reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation" /v RealTimeIsUniversal /t REG_DWORD /d 1 /f`

Jina la RealTimeIsUniversal liandike bila nafasi na bila kukosea herufi. Windows hailalamiki ukiandika jina lisilokuwepo. Inalihifadhi tu na kulipuuza, nawe unabaki unashangaa. Ukitaka kurudi ulikotoka siku moja, amri ni hii:

`reg delete "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation" /v RealTimeIsUniversal /f`

Kabla ya kuwasha upya, zima ile Fast Startup. Kwa kawaida ukibonyeza Shut down, Windows haizimi yote. Inahifadhi sehemu ya moyo wake kwenye diski ili kesho iwahi kuwaka. Kwa kompyuta ya mifumo miwili hilo ni tatizo hata bila habari ya saa, kwa sababu Linux itakuta diski ya Windows imeachwa nusu imefungwa na itakataa kuandika ndani yake.

`powercfg /h off`

Amri hii inazima pia uwezo wa Hibernate. Kama unautegemea kwenye laptopu, nenda Control Panel, Power Options, uondoe tiki ya Fast Startup peke yake.

Washa upya kwa Restart. Windows ikirudi, ilazimishe iulize seva ya saa:

`net start w32time`
`w32tm /resync`

Ikisema huduma tayari inafanya kazi, sawa, endelea na mstari wa pili. Ikisema The computer did not resync because no time data was available, mara nyingi mtandao wako umefunga mlango wa UDP namba 123, ambao maswali ya saa hupitia, jambo la kawaida kwenye Wi-Fi za vyuo na za ofisi. Jaribu kwa data ya simu. Kuna sababu nyingine isiyojulikana sana: Windows isiyo kwenye mtandao wa domeni, yaani isiyosimamiwa na seva ya ofisi, kwa mpangilio wake wa kawaida, haikubali kurekebisha pengo linalozidi masaa 15. Kompyuta iliyorudi miaka mitatu nyuma itakataa msaada wa seva mpaka kwanza umeisogeza tarehe kwa mkono.

*Njia ya pili: Linux itumie saa ya hapa.* Amri ni moja, lakini ina sura mbili na usipozitofautisha utaongeza vurugu. Kama saa ya Linux sasa hivi ni sahihi:

`sudo timedatectl set-local-rtc 1`

Hii inachukua saa ya Linux na kuimwaga kwenye RTC. Kama Linux imepotoka lakini RTC iko sawa, kwa mfano umetoka Windows sasa hivi na BIOS inafanana na simu:

`sudo timedatectl set-local-rtc 1 --adjust-system-clock`

Hii inafanya kinyume: inasoma RTC na kuirekebisha Linux. Baadaye fungua /etc/adjtime, mstari wa tatu utasema LOCAL.

Watumiaji wa njia hii wakati mwingine hukutana na ujumbe wakati wa kuwaka, Superblock last mount time is in the future. Maana yake ukaguzi wa diski umefanyika mapema kabla Linux haijajua ukanda wa saa, ikaona diski ilitumika "kesho". Data zako zipo salama. Fungua /etc/e2fsck.conf, na kama haipo itengeneze, uweke:

`[options]`
`broken_system_clock = 1`

Kisha, kwa Debian na Ubuntu, endesha `sudo update-initramfs -u` ili mpangilio huo uonekane mapema wakati wa kuwaka.

Hatua ya 5: Jaribu bila intaneti

Saa kuwa sahihi mtandao ukiwa hewani si ushahidi wa chochote. Zima Wi-Fi kwenye mifumo yote miwili, na kebo ichomoe. Ukiwa Linux soma RTC mbichi:

`cat /sys/class/rtc/rtc0/time`
`date -u`

Kwa njia ya kwanza mistari hii miwili inatakiwa kufanana, tofauti ya sekunde moja si kitu, na yote iwe nyuma ya simu yako kwa masaa matatu. Kwa njia ya pili, wa kwanza ufanane na simu.

Zima kabisa. Ingia Windows, angalia saa. Zima, rudi Linux, angalia. Zunguka tena mara moja. Ikiwa saa imetulia pande zote bila mtandao wowote, rudisha Wi-Fi, kazi imeisha.

Ikiwa bado Windows inaruka, angalia mambo mawili: herufi za RealTimeIsUniversal, na kama kuna programu nyingine ya kurekebisha saa uliyoiweka zamani ukaisahau. Ikiwa Linux ndiyo inayoruka, tazama mstari wa mwisho wa timedatectl na mstari wa tatu wa /etc/adjtime. Vikipingana na ulichokusudia, rudia set-local-rtc.

Betri nayo, ikiwa kweli ndiyo

Dalili ya betri iliyokufa haina masaa matatu. Kompyuta ikikosa umeme kabisa, tarehe inarudi mwaka wa nyuma sana, BIOS inalalamika ikitaja CMOS na kukutaka ubonyeze F1, na mipangilio uliyoiweka BIOS imefutika. Kivinjari kinagoma kufungua tovuti karibu zote na kuandika NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, kwa sababu vyeti vya tovuti vinaonekana havijaanza hata kutumika.

Linux za siku hizi huificha dalili hii. Huduma ya systemd-timesyncd huweka alama ya mara ya mwisho ilipojua saa, na ikiwaka na kukuta RTC iko nyuma ya alama hiyo, husogeza saa ya mfumo mpaka hapo. Matokeo yake betri imekufa, RTC imerudi miaka, lakini Linux inawaka ikionyesha jana jioni. Mtumiaji anadhani saa "inachelewa". Kisha apt, programu ya kuweka na kusasisha vifurushi, inamwambia Release file is not valid yet na kumtajia masaa yaliyobaki. Ukikuta saa iliyosimama pale ulipozima jana, usibishane na Linux. Chomoa waya wa umeme usiku kucha, asubuhi ingia BIOS moja kwa moja, uone tarehe gani ipo.

Ukiwa na kipimo, betri ya CR2032 nzima inasoma volti 3 au zaidi kidogo. Ikishuka chini ya 2.7 ibadilishe. Kwenye kompyuta za mezani unaiona wazi kwenye ubao mama, upande wenye alama ya jumlisha ukiangalia juu. Laptopu nyingi zina ileile ikiwa imefungwa plastiki na waya wenye plagi ndogo, na baadhi hazina kabisa, zinategemea betri kubwa.

Tahadhari moja ambayo imewaliza watu: kabla hujatoa betri hiyo kwenye kompyuta yenye Windows iliyofungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya diski ya Windows, pata kwanza ule ufunguo wa kuokolea wenye tarakimu 48. Betri ikitoka, mipangilio ya BIOS inaweza kufutika, na Windows ikiona mipangilio ya Secure Boot, ulinzi wa BIOS wakati wa kuwaka, imebadilika itaudai ufunguo huo kabla ya kufunguka. Mteja asiyeujua atakuambia umemharibia kompyuta.

Chumba cha kompyuta kisicho na intaneti

Kwenye shule na vituo visivyo na mtandao, Linux huwa na shida ya namna nyingine. Saa ikiwa inalinganishwa na seva, kiini cha Linux huinakili kwenye RTC kila baada ya dakika 11. Bila seva, hakuna anayeigusa RTC, na wakati wa kuzima systemd haiandiki chochote. Fuwele inachepuka kidogo kidogo, muhula ukiisha kila kompyuta ina saa yake.

Ukiweka saa kwa mkono, zima kwanza kulinganisha, la sivyo utakataliwa:

`sudo timedatectl set-ntp false`
`sudo timedatectl set-time "2025-06-10 12:04:00"`

Amri hiyo ya pili huandika saa ya mfumo na RTC kwa pamoja. Kwa kompyuta moja inatosha. Kwa ishirini, chagua moja iwe seva ya saa ya chumba. Weka chrony, programu ya kulinganisha na kugawa saa, juu yake, na kwenye /etc/chrony/chrony.conf (kwa Fedora ni /etc/chrony.conf) ongeza mistari hii, ukibadilisha namba za mtandao ziwe zako:

`local stratum 10`
`allow 192.168.1.0/24`

Kwenye kompyuta nyingine za Linux zinazotumia systemd-timesyncd, ndani ya /etc/systemd/timesyncd.conf chini ya [Time], andika `NTP=192.168.1.10`, uendeshe `sudo timedatectl set-ntp true` kama kulinganisha kulizimwa, kisha uwashe upya huduma kwa `sudo systemctl restart systemd-timesyncd`. Kwenye Windows za chumba hicho:

`w32tm /config /manualpeerlist:192.168.1.10 /syncfromflags:manual /update`

Fungua UDP 123 kwenye ukuta wa moto (firewall) wa ile seva. Jumatatu asubuhi unairekebisha mashine moja kwa kutazama simu yako, na zilizobaki zinaifuata zenyewe.